Gari la Mjomba

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na vyakula. Ni nadra mtu kuitaja gereji. Hata hivyo, neno kukereza limo katika lugha yetu tangu kabla gari la kwanza halijaonekana pwani hii, kwa kuwa mafundi wetu walikuwa wakikereza matendegu ya vitanda. Basi tunamwomba msomaji aturuhusu tusimulie habari za gari moja lililofanyiwa kazi uani kwetu, mjini Tanga.

Gari lenyewe ni MG Midget, gari dogo la michezo lenye viti viwili, lililoundwa huko Abingdon, Uingereza, kati ya 1961 na 1979. Ni fupi mno hata aliyeketi ndani aweza kunyoosha mkono akaigusa ardhi. Marehemu mjomba wetu alilinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao, akalipenda kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipoadimika na magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri, yeye alilitoa nje siku hiyohiyo akalipangusa tu. Baada ya kufa kwake injini ilipasuka, na gari likabaki chini ya mwembe, kuku wakitagia ndani.

Kijana wetu, ambaye ni fundi umeme, ndiye aliyeleta shauri la kuliondoa injini na kulitia mota. Mkaza mjomba hakupendezwa.

"Mjukuu wangu," alisema, "sauti ya gari lile nilikuwa nikiijua tangu kona ya msikiti. Mkiitoa injini, litabaki nini la babu yako?"

"Litabaki bodi, Bibi, na gia zake, na usukani aliokuwa akiushika."

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akamtuma mtoto alete funguo.

Mota tuliipata katika vyuma chakavu, imetoka katika gari la kuinulia mizigo. Hapa wanafunzi wa fizikia na watege sikio: mota ya namna hii, ambayo koili zake zote zimeunganishwa mfululizo, haifai kupewa umeme wake kamili bila mzigo, kwani mwendo wake huzidi na kuzidi hata ikajivunja yenyewe. Kuijaribu, betri moja ya volti 12 yatosha.

Tulidhani umeme ndio ungetusumbua, kumbe kilichotutoa jasho ni bamba la chuma la kuunganishia mota na giaboksi. Mihimili miwili sharti ikae katika mstari mmoja; ikipishana kidogo tu, gari zima hutetemeka. Na lilitetemeka. Mkerezaji, mzee wa makamo yetu, alilitazama bamba lake kwa muda mrefu, akalichukua, akalirudia kwa siku mbili bila kudai hata senti moja.

Betri ni seli 30 za lithi, kila moja volti 3.2, jumla volti 96. Kwa ampea-saa 100 tunapata kilowati-saa 9.6. Gari dogo kama hili hula yapata wati-saa 150 kwa kilomita, na betri si vyema kuzikausha. Kwa hiyo tunahesabu kilomita 50. Muheza tutafika, ila kurudi itabidi tulale kwanza.

Jioni moja spana ilidondoka ikalala juu ya vichwa viwili vya seli. Ilitoa mwanga wa kutisha, ncha yake ikayeyuka, na kiganja cha kijana kikaungua. Tulilaumiwa, na lawama ilikuwa ya haki: sisi tuliofundisha fizikia miaka 30 tulikuwa tumeketi barazani tukinywa kahawa. Kazi ilisimama mwezi mzima. Tulipoirudia, kila spana ilikuwa imeviringishwa mpira wa ndani wa baiskeli, na saa mkononi zilikatazwa.

Wapo waliotucheka kwamba tunaiga mambo mapya ya kigeni. Ya kigeni, huenda, mapya, hapana. Mwaka 1899, karibu na Paris, Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa katika gari la umeme, wakati petroli haijafika huko. Isitoshe, petroli yote tunayoichoma hutoka ng'ambo, ilhali bwawa la Rufiji, lililoanza kutoa umeme 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Maji yale ni yetu.

Siku ya kwanza ya kulitembeza tulilipitisha mbele ya nyumba ya mkaza mjomba. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, ametupa mgongo. Gari lilifika karibu naye na hakugeuka, kwa kuwa hakusikia kitu. Kijana akasita, kisha akapiga honi, honi ileile ya zamani.

Ungo uliinuka ghafla, mchele ukamwagika. Alisimama akalishika bawa la gari, akauliza kama kiti cha kushoto kinafunguka.

Kadi ya gari bado ina namba ya injini isiyokuwapo. Tumekwenda kueleza mara mbili, na tumeambiwa turudi Jumatatu.