Picha ya biharusi ni amana



Leo nawaandikia kutoka Nshambya, Bukoba. Mvua inapiga bati na umeme umeshakatika mara mbili tangu asubuhi. Wanaonijua wanajua kuwa mimi ni mzaliwa wa Unguja niliyeolewa na Mhaya, na huu ni mwaka wa saba naamka nikitazama migomba badala ya minazi. Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi nasafisha picha za maharusi mwenyewe, tena kwenye kompyuta ya mezani iliyochoka, wakati simu tunazo na stadio zimejaa mjini. Jibu lake linaanzia usiku wangu mwenyewe wa kutolewa.

Usiku ule, kama mjuavyo, ni wa wanawake peke yetu. Nilikuwa na hina na piko hadi viwikoni, asmini kichwani, nywele wazi, mabega wazi. Mpiga picha alikuwa mwanamke, na somo wangu alimchagua kwa sababu hiyo hasa. Tulichosahau kuuliza ni kimoja: picha zikishatoka kwenye kamera zinakwenda wapi? Zilikwenda stadio kusafishwa, na aliyekaa mbele ya kompyuta huko alikuwa kijana wa kiume. Miezi minne baadaye rafiki yangu akanipigia simu, sauti imemshuka. Ameniona kwenye tangazo la ile stadio, ukutani, barabarani. Uso ulikuwa umepaushwa mpaka akawa hana uhakika, akanitambua kwa kidoti changu cha kidevuni. Nyuma yangu walikuwa wamebandika maporomoko ya maji ambayo sijapata kuyaona maishani.

Nililia wiki nzima. Mume wangu alikwenda, tangazo likashushwa, radhi ikaombwa. Lakini faili halishushwi kama tangazo. Limenakiliwa mara ngapi, limekaa kwenye flashi ya nani, hakuna aliyeweza kuniambia, na mpaka leo sijui.

Tulipohamia huku Bukoba, mume wangu akanunua kompyuta ya mezani iliyotumika. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, akaniwekea programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP, kwa sababu ni ya bure na ile Photoshop inayosifika tangu 2013 matoleo yake mapya yanalipiwa kama kodi ya nyumba, ukiacha kulipa unatolewa nje. Nikawa najifunza usiku watoto wakilala. Na mimi nikishika kitu huwa nataka kujua kimetoka kwa nani. Katika kusomasoma ndipo nilipokutana na mwenzangu.

Sikilizeni. Mwaka 1987 Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kompyuta yake, Macintosh Plus, ilionyesha nukta nyeusi na nyeupe tu, kijivu haikukijua. Akaandika programu ndogo ya kuzipanga zile nukta ili jicho lidhani linaona kijivu. Baba yao alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha nyumbani, na Thomas alijifunzia humo. (Neno letu “kusafisha picha” lilianzia kwenye dawa na maji ya vyumba kama hicho, na mimi nalitumia mpaka leo japo sijawahi kulowa kidole.) Mdogo wake, John, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza viini macho vya sinema, akaiona programu ile akamwambia kaka yake hii si ya kuchezea. Wakaikuza pamoja. Kampuni ya Adobe ikaichukua, na Februari 1990 Photoshop ya kwanza ikatoka.

Sasa, kabla haijatoka, walihitaji picha ya kuwaonyesha watu programu inafanya nini. Mashine za kuingiza picha kwenye kompyuta zilikuwa adimu. John alipokwenda Apple, ambako mashine ilikuwepo, alikuwa na picha moja mkononi. Alikuwa ameipiga 1987 kisiwani Bora Bora, mbali katika bahari ya Pasifiki: mchumba wake, Jennifer, ameketi mchangani akitazama bahari, mgongo kwa kamera, kifua wazi. Picha ya mapumziko ya watu wawili. Baadaye alikuja kuwa mkewe.

Picha hiyo ikawa ndiyo ya maonyesho. John alikwenda nayo kwenye makampuni, mbele ya watu walewale aliotaka wanunue, akimnakili Jennifer akawa wawili ufukweni, akikinakili na kisiwa cha nyuma. Kisha nakala ya programu akawaachia pamoja na picha, wajaribu wenyewe. Miaka ikapita. Mwaka 2013 msanii mmoja Mholanzi, Constant Dullaart, akakusanya vipande vya picha ile vilivyotawanyika kwenye intaneti, akaiunda upya na kuitundika katika maonyesho yake.

Nilipoisoma habari ile nilinyamaza kitambo. Sisemi John alikuwa na nia mbaya, alikuwa kijana mwenye picha moja anayoipenda. Wala yeye si yule kijana wa stadio. Lakini mwanamke wa kwanza kunakiliwa kwa Photoshop alikuwa mchumba, kama sisi, na picha ilikuwa yake na mpenziwe. Kila chombo nilichokuwa nakishika kwenye skrini, kile cha kunakilia hasa, niliona mgongo wake.

GIMP nayo ina habari yake, fupi. Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, waliianza 1995 na kuitoa kwa watu mwaka uliofuata, bure, pamoja na maandishi yake ya ndani ili anayetaka airekebishe. Walipomaliza chuo wakaondoka, watu wa kujitolea wakaipokea na kuilea hadi leo. Kila kazi ninayohifadhi faili lake linaishia na herufi XCF, ambazo ni za jina la klabu yao ya kompyuta pale chuoni. Mashine yangu inafanya kazi bila intaneti kabisa, na hilo ndilo nililolitaka: picha haitoki chumbani kwangu mpaka mimi niitoe.

Mwezi uliopita ikawa zamu ya wifi yangu. Biharusi mzuri masha Allah, mweusi wa kung'aa, ana mwanya wa kupendeza. Picha zake za ndani nilipiga mimi. Akaja kuketi pembeni yangu, akasema, “Wifi, nifanye mweupe kama wale wa kwenye matangazo.” Sikubishana naye. Nikanakili picha yake ikawa tabaka la pili juu ya ile ya asili, kama unavyofunika mtandio juu ya nguo, nikaling'arisha lile la juu, na mwanya nikauziba.

Mama mkwe akaingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo huku mgeni haondoki bila kuionja. Akainama kwenye skrini akauliza, “Huyu ni biharusi wa wapi, waitu?”

Wifi hakujibu. Pembeni ya kila tabaka kuna alama ya jicho, ukiibonyeza tabaka linafichika. Nikabonyeza. Akatokea mwenyewe, na mwanya wake. Mama mkwe akacheka, akamshika shavu: “Aa, kumbe wewe!”

Tukabaki na huyo. Nilichofanya ni kuondoa chunusi moja ya juzi na kivuli cha taa, basi. Toleo la 3.0 la GIMP, lililotoka Machi 2025, linakuruhusu kuweka mabadiliko mengi na kuyatoa baadaye bila kuigusa picha ya asili. Mashine yangu bado inatumia la zamani, kwa hiyo tabaka la chini siligusi, ndiyo kanuni yangu.

Tulipomaliza nikamwekea picha zote kwenye flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha nikafuta mafaili mbele yake, nikamwaga na kapu la taka la kompyuta, nikamwonyesha folda tupu.

Akatazama, akaniuliza, “Na kadi ya kamera?”

Mimi niliyeumwa na nyoka, nilikuwa nimeisahau. Nikaichomoa. Nilitaka kuifuta tu, lakini shemeji aliwahi kuniambia kilichofutwa huweza kurudishwa na mwenye ujuzi. Nikamkabidhi kadi yenyewe. Kesho yake nikashuka mjini kununua nyingine.