Lango la Eldoret na Lango la Lanet

Muthara, Tigania Mashariki

Mjomba,

Nimefika salama. Najua unangoja habari za miraa, lakini kuna neno limenikaa moyoni tangu jana jioni.

Mwenyeji wangu ni sajini mstaafu. Sokoni kila mtu humwita afande: wauza miraa, vijana wa bodaboda, hata mwalimu mkuu. Binti yake alipata B katika mtihani wa kidato cha nne na anataka kuwa kadeti. Jana tukimenya viazi, mzee alimwambia: "Mimi niliingilia Eldoret. Wewe ingilia Lanet."

Eldoret ndiko wanakofunzwa makuruti. Lanet, pale Nakuru, ndiko kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya, na anayehitimu huko hupewa kamisheni na Rais mwenyewe uwanjani. Watoto wawili wa kijiji kimoja, hirimu moja, wakipita malango hayo tofauti, siku wakikutana yule wa Eldoret ndiye atakayepiga saluti. Kinachowatenga mwanzoni ni cheti: kadeti sharti awe na B. Askari wa kawaida naye anaweza kupanda hadi uafisa, ila njia hiyo ni nyembamba, na wengi hustaafu wakiwa bado upande wa wapigao saluti.

Mjomba, mzee aliposema hivyo nililifikiria hilo neno afande. Limetokana na effendi, na katika miaka ya 1950 Waingereza walilifanya kuwa cheo katika KAR, jeshi lao la kikoloni hapa Afrika Mashariki: cheo cha Mwafrika aliyezidi sajini lakini hajafikia afisa. Mbele yake paliwekwa ukuta. Jackson Mulinge, aliyeingia jeshini akiwa askari wa kawaida wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipita kwenye cheo hicho, akaruka ukuta, na mwisho akawa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya. Wengine walichoka kungoja. Usiku wa Januari 24, 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari waliasi katika kambi ya Lanet hiyohiyo. Walilalamikia mishahara, na pia maafisa Waingereza waliokuwa bado wanawaamuru.

Na hapa Tigania wana jemadari wao, Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau ambaye hakuuawa wala kukamatwa mpaka uhuru ukafika. Hakuna chuo kilichompa cheo. Alikipata msituni, kwa watu waliokubali kumfuata. Mzee hulitaja jina hilo taratibu, kama anayetaja la babake.

Mimi naamini cheti kina haki yake. Anayeongoza watu vitani lazima ajue hesabu, ramani na sheria. Lakini inaniuma kwamba mtu aliyelinda mpaka miaka ishirini, anayejua jina la kila kijana wa kikosi chake, apewe nafasi finyu kuliko aliyetoka shule jana. Nilimwambia mzee hivyo. Alinyamaza, akaendelea kumenya.

Leo alfajiri niliwasikia njiani: binti akikimbia mlima, baba akihesabu dakika kwa sauti. Kesho tunateremka Meru mjini kutoa nakala za vyeti vyake. Ya miraa nitakuandikia Ijumaa.

Mpwao