Waraka na Mwalimu

Walimu wa siku hizi hulalamika kwamba mtaala hubadilika kabla wao hawajajiandaa. Nawaelewa. Mwaka 1985, Kenya ilipoingia katika mfumo wa 8-4-4, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyofadhiliwa na Kanisa Katoliki. Darasa la nane lilianza mwaka ule, na mtihani wa kwanza wa KCPE ukafanywa mwaka ule ule. Kilimo, muziki, sayansikimu, sanaa na ufundi, vyote vilitufikia kwa pamoja. Mwalimu wa muziki hatukuwa naye.

Wazazi walijenga karakana, padre akatoa mabati. Lakini mabati hayafundishi. Basi kila Ijumaa alasiri tulikaa walimu wote, tukaisoma silabasi mstari kwa mstari. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa kwaya kanisani, ndiye aliyetufundisha noti, naye alikuwa mkali kuliko mkaguzi yeyote niliyepata kumwona! Saa zile mbili zilitufaa kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Gredi ya saba nayo ilitangazwa Desemba 2022 kuwa itakuwa katika shule za msingi, na wanafunzi wakaingia mwezi uliofuata. Mwalimu angejiandaa lini?

Mpwa wangu, mwalimu pia, hupokea nyaraka kwa simu, hata usiku. Nilimwuliza, "Mmekaa lini kuzisoma pamoja?" Akanyamaza. Juzi ameniambia wamepewa chumba cha parokia, Jumatano saa kumi.