Kukimbia sana siyo mazoezi

Wadau, nimeadimika wiki mbili. Nilikuwa likizo nyumbani, Rhotia. Kwa wasiopajua: ukitoka Mto wa Mbu ukapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, utapita kwetu kabla hujaingia Karatu mjini. Watalii wanatupita kwa kasi wakiwahi kreta, ila asubuhi na mapema wangechungulia dirishani wangewaona vijana wa Kiiraqw wakikimbia kando ya lami.

Mmoja wao ni mdogo wangu. Ana miaka 20, amemaliza kidato cha sita, na chuo amekiahirisha mwaka mmoja kwa ruhusa ya mzee. Mwaka huo unayoyoma. Mita 5,000 anakimbia kwa dakika 15 na sekunde kidogo, na kidogo hicho hakipungui tangu mwaka jana. Mbaya zaidi, mbio mbili zilizopita aliongoza karibu njia nzima, halafu watu wakampita mita 200 za mwisho kama kasimama.

“Kaka, mimi nafanya mazoezi kuliko wote hapa,” aliniambia, na sikuwa na sababu ya kumbishia. Kila alfajiri anamaliza kilometa 15, njia ileile ya kupandisha kuelekea msituni, akishindana na wenzake kila siku. Kwenye kilima hakuna anayemgusa. Anapapenda pale, na nani asiyependa kurudia anachokiweza?

Mwalimu mstaafu anayewasimamia (hana kompyuta, ana saa ya mkononi na filimbi) alimuuliza swali moja tu: “Leo unafanyia mazoezi kitu gani?” Dogo akajibu kilometa 15. Mzee akatikisa kichwa. “Hiyo ni njia. Nimekuuliza kitu. Kilima unakijua tayari, hakikudai. Mita 200 zinakudai.”

Nilikumbuka utafiti niliousoma nikiwa chuo kikuu, wa Anders Ericsson na wenzake, uliotoka 1993, juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliokuwa bora kabisa walikuwa wametumia saa nyingi zaidi peke yao wakifanya mazoezi. Ericsson alisisitiza kwamba saa peke yake haitoshi; lazima ushike sehemu maalumu, hasa inayokushinda, ujue umekosea wapi, urudie. Mwalimu wetu hajamsikia Ericsson hata siku moja.

Mifano tunayo hapahapa. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, Februari 2, 1974 pale Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia, 3:32.16. John Walker wa New Zealand alimfukuza akamaliza kwa 3:32.52, naye akiwa ndani ya rekodi ya zamani! Huwezi kukimbia hivyo kwa kubahatisha. Mwili uwe umeshauzoea mwendo ule. Alphonce Simbu alikuja na dawa tofauti. Tokyo, Septemba 2025, baada ya kilometa 42 alimpata Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wakaandikiwa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. (Siku mbili baadaye kurasa zetu za michezo zilirudi Simba na Yanga. Tuyaache.)

Basi ratiba ikabadilishwa. Jumanne na Ijumaa, uwanja wa shule: kilometa tatu za haraka kwanza ili miguu ichoke, halafu mita 200 mara nane, kati yake anajikokota. Mimi nikawa mtunza saa, daftari langu la habari likajaa sekunde. Siku ya kwanza alianza na 31, ya nane ikawa 35. Tukaona kwa macho tatizo liko wapi: akichoka, mabega yanapanda hadi masikioni na mikono inakata hewa kwa pembeni. Hilo kilima hakikuwahi kumwonyesha, kwa sababu kilimani hachoki kabla ya wenzake.

Siku nyingine aliamriwa kukimbia taratibu kiasi cha kuweza kupiga soga. Hapo ndipo palipomuuma. Watoto wa darasa la tano wakiwahi shule walimpita wakicheka, akaniangalia kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma.

Nilipoondoka, ya nane ilikuwa 33. Wiki mbili haziongezi mapafu, najua, na siwezi kuapa kwamba ya Arusha mwezi ujao ataishinda. Lakini kwa mara ya kwanza anajua anatafuta nini akitoka kitandani saa kumi na moja.

Mzee wetu bado hajasema kitu. Mama anasema Ijumaa alionekana amesimama kwenye uzio wa shule, anajifanya anatafuta mbuzi.

Jana usiku dogo kanitumia ujumbe: “Ya nane 32. Mabega chini.”