Mlima wa Theluji: Kushuka Ndio Ngoma

Leo nakualika safari ya mbali, katika nchi ya Austria, kwenye Milima ya Alpi. Ukitoka upande wa magharibi, treni hupita katika tundu refu ndani ya mlima, zaidi ya kilometa 10, lililofunguliwa mwaka 1884. Ukitoka gizani, mara waona kijiji cha St. Anton, yaani Mtakatifu Antoni, karibu meta 1,300 juu ya usawa wa bahari.

Majira ya baridi theluji hufunika yote: mapaa, miti, na malisho ya ng'ombe. Hapo watu wengi huja kuteleza kwa skii, yaani vibao viwili virefu vyembamba vinavyofungwa viatuni. Hupandishwa mlimani ndani ya vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba nene za chuma. Vile vya mlima Galzig vilianza kazi mwaka 1937. Basi utauliza: mtu anayepandishwa kama mfalme, kisha akashuka kwa kuteleza, afanyie nini mazoezi ya mwili?

Wazee wetu walikwisha kujibu: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wewe uliyewahi kushuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani wajua. Wakati wa kupanda mtu hutweta, lakini wakati wa kushuka mapaja ndiyo hutetemeka, na kesho yake hata kuketi ni taabu. Maana ukishuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: hukaza huku ikivutwa. Mwenye skii hufanya hivyo amekunja magoti, kona baada ya kona, tena mahali penye hewa nyepesi. Misuli ikichoka, skii hazimtii. Akianguka vibaya goti hupindika, na kano zake zaweza kukatika.

Kwa hiyo wenye busara huanza kujitayarisha nyumbani, wiki 6 au 8 kabla ya safari. Hawahitaji vyombo vya fedha nyingi. Huegemeza mgongo ukutani na kushuka polepole mpaka wawe kama wamekaa kitini, wala kiti hakuna. Hukaa hivyo nusu dakika, hupumzika, hurudia. Husimama kwa mguu mmoja ili mwili uzoee kujisawazisha. Hupanda na kushuka ngazi au kilima. Huendesha baiskeli, moyo na mapafu yapate nguvu. Kila juma huongeza kidogo. Wakifika, wageni wa mchezo huanzia kwenye njia zenye alama ya buluu, zilizo rahisi. Nyekundu ni ngumu zaidi, na nyeusi ni za mafundi. Na miguu ikianza kutetemeka, huacha, hata kama jua lingali juu.

Usidhani kazi hii ni ya Wazungu tu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, akahamia Austria na mama yake angali mtoto mdogo. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika skii za kushuka mlima kwenye Michezo ya Olimpiki, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini. Mlima haumwulizi mtu alikozaliwa. Humwuliza kama amejitayarisha.

Juu ya St. Anton, penye njia ya kuvukia mlima, pako mahali paitwapo St. Christoph. Hapo mwaka 1386 Heinrich, mtoto wa kuokotwa, alianzisha nyumba ya kuwahifadhi wasafiri, maana wengi walizidiwa na theluji wakafa njiani. Leo watu hupanda huko kwa furaha, lakini theluji ni ile ile, na mwenye kiburi haimwonei huruma.

Basi, msomaji, ni vema kumwomba Mtakatifu Kristofori, mlinzi wa wasafiri. Lakini magoti tunayopiga mbele ya Mungu ndiyo hayo hayo yatakayotushusha mlimani. Tuyatunze, na tuyatayarishe kabla ya safari.