Msiniulize Lokesheni

Karibu kila siku kuna mtu ananiandikia: "Kaka, ile picha ya mikoko na ukungu ulipigia wapi? Tupe lokesheni." Nikijibu Takaungu, anarudi: "Takaungu wapi hasa?" Hapo huwa nanyamaza, na wengine mmeanza kusema ati najiskia. Wacha niseme kwa nini, halafu tusiulizane tena.

Nianze na kitu ambacho sijawahi kuandika hapa. Sikuenda Takaungu kutafuta picha. Nilienda kujificha.

Mwaka wangu wa pili chuoni karo ilibaki, sikuruhusiwa kufanya mitihani, nikaambiwa nirudie muhula, nikaona sina nguvu. Nikaacha. Mamangu yuko Mombasa, jioni anakaanga bajia na viazi karai nje ya nyumba, na hakujua. Kila mwezi alinitumia pesa ya chakula, na kila mwezi nilimwambia masomo yako sawa. Nilikuwa nimekodi chumba Kilifi, na Kilifi ni ndogo, ukitoka kununua mkate unakutana na mtu wa darasa lako, "Mbona hatukuoni?" Basi asubuhi nabeba begi, napanda matatu ya kuelekea Mombasa, nashukia steji ya Takaungu, boda hadi ndani. Jioni narudi. Mwanafunzi kabisa.

Takaungu palinifaa. Ni mji wa zamani, Wamazrui walihamia pale baada ya Seyyid Said kuwaondoa Mombasa mwaka 1837, na bado kuna makaburi ya kale na nyumba za mawe ambazo nyingine zimebaki kuta tu. Mgeni mmoja mmoja huja akiulizia habari za Denys Finch Hatton, yule wa Out of Africa, aliyekuwa na nyumba pale. Wengine wote wanapita barabara kuu mbio kwenda Watamu. Siku ilikuwa ndefu, simu iko mkononi, nikaanza kupiga picha. Hakuna hadithi kubwa zaidi ya hiyo. Kamera ya mtumba ilikuja baadaye.

Nilichojifunza nitawapa, hicho si siri. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hivyo jua linatoka baharini na kuzama upande wa bara. Msee akikuonyesha jua linazama kwenye maji hapa Kenya, ama amesimama kwenye mkono wa bahari ulioingia ndani, kama wa Takaungu au Kilifi, ama yuko Kisumu. Saa sita mchana usijisumbue, kuta nyeupe zinaungua kwenye picha na nyuso zinakuwa nyeusi. Na maji ndiyo bosi. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo mahali ulipoona mchanga Jumatatu saa moja asubuhi, Alhamisi saa hiyo hiyo unaweza kukuta maji ya kiuno. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Siku za maji mafu mabadiliko ni madogo, na ile miamba uliyoitaka haitoki kabisa. Mimi nilikuwa na programu ya simu ya kuniambia haya yote. Kuna mzee wa barazani pale, nilimpa shikamoo siku ya kwanza nikamwonyesha, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mwezi si huo juu?"

Sasa ile sehemu. Kuna kijia kinapita katikati ya kuta mbili, kinashuka, kinakutoa kwenye mikoko. Nilikipata kwa kumfuata mbuzi, sitanii. Siku za mwanzo nilijiona kama nimegundua Amerika. Manze, pale hapakuwa na mtu! Nilienda karibu mwezi mzima nikiamini ni pangu.

Jumanne moja, saa moja na kitu asubuhi, nikakuta kijana wa miaka kumi na miwili hivi, maji yamemfika magotini, anarusha kimia. Ukungu mwepesi nyuma yake, wavu umefunguka wote hewani. Nikamwonyesha kamera, akaitikia kwa kichwa. Nikapiga. Jioni nikaiposti, nikaandika Takaungu, nikaeleza na kile kijia chote, pinda hapa, shuka pale. Nilitaka nionekane mimi ndiye ninayejua.

Picha ile ilitazamwa kuliko picha zangu zote ukizijumlisha. Nilikuwa nalala na simu. Siku ya pili mtu akauliza kwenye komenti: "Hiyo kwenye tawi si shati ya shule?"

Nikaikuza. Kona ya kushoto, shati imetundikwa kwenye mkoko, kola na beji ya mfukoni vinaonekana. Niliiona wakati napiga, na nilichofikiria ni kwamba inaleta rangi. Baada ya hapo komenti zikageuka. Leo si Jumanne? Wazazi wako wapi? Ndio maana watu wa pwani hawaendelei. Hiyo ya mwisho iliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe ni wa pwani, na mimi mwenyewe siku hiyo nilitakiwa niwe darasani.

Wikendi ile wakaja watu na gari mbili na droni. Nyumba za pale zina ua ndani, kina mama wanakaa humo bila mtandio, wanasuka, wanaanua nguo. Droni ikapita juu yao. Wote wakakimbilia ndani.

Nilisikia haya kwa yule mzee wa barazani. Hakunifokea. Alisema tu, "Picha yako imempa balaa yule mtoto," akanielekeza nyumba.

Kumbe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za mtihani. Analelewa na bibi yake, na alijua bibi hana, kwa hivyo hakumwambia. Asubuhi anavaa sare anaaga, anaenda kuvua, anauza visamaki, anaweka. Mwalimu akaonyeshwa picha kwenye simu, akaona mtoro, bibi akaitwa shuleni, akaonyeshwa picha mbele ya wazazi wengine.

Nilipiga hodi nikiwa na hotuba kichwani. Bibi akanipa kigoda, akaniacha nimalize.

"Umempiga vizuri," akasema. "Lakini yeye alikwenda pale asionekane."

Nikatoa pesa. Akazikataa. Mtoto alikuwa amebakisha shilingi 150 tu, na hizo alishaziongeza yeye. Kisha akaangalia begi langu. "Na wewe, kila siku na begi hilo. Mamako anajua uko hapa?"

Sikumjibu. Hakuuliza tena, akaingia kuangalia chungu chake.

Picha niliifuta siku hiyo, ingawa najua kuna kurasa bado zinaitumia. Jioni, nikiwa steji nasubiri matatu, nikampigia mamangu. Nilisema haraka haraka, mama sisomi tena, ni mwaka sasa. Kimya. Nilisikia mafuta yanavyochemka kwenye karai. "Mafuta yanaungua," akasema, "nitakupigia." Alipiga siku ya tatu. Tuliyoongea ni yetu. Pesa ya chakula hanitumii tena, na mwezi ukiwa mzuri mimi ndiye namtumia. Mwezi mbaya tunasalimiana tu.

Takaungu bado naenda. Mtaniambia mbona umetaja jina la mji. Mji uko kwenye ramani, nendeni, kunyweni kahawa, salimieni watu, na kamera ikae ndani ya begi kwa muda. Kijia hicho sitakiandika tena. Si hazina ya kuibiwa, ni njia ya watu kwenda kuvua na pengine kwenda kulia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kijana alirudi shule. Jumamosi iliyopita alinikuta kwenye miamba, akaomba kushika kamera. Alipiga picha moja tu, miguu yangu, nusu imekatika, na viatu vyangu vilivyotoboka. Hiyo ninayo. Sijaiposti.