Nilimtoa Mke Wangu Ngomani

Mimi ndiye niliyemtoa mke wangu kwenye ngoma. Daktari hakumkataza, imamu hakumkataza, na watoto wetu hawakuona haya. Ni mimi mumewe niliyemwaibisha mbele ya watu mpaka akaacha, na siku hiyo nilijiona ninasema kweli.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa Lunga Lunga. Anayepita kwa basi kutoka Mombasa kwenda Tanga huona foleni ya malori, wabadilisha fedha na kina mama wanaouza viazi karai, akagongewa muhuri, akaenda zake. Sisi tunabaki. Karatasi za machungwa ya Muheza, za mbao, za mahindi, zote hupitia mikononi mwetu, na zikikwama ni lazima wakala azifuate: Horohoro kwa bodaboda, Mombasa kwa matatu, Tanga, na mara nyingine mpaka Dar es Salaam. Miaka mingi mwili wangu haukujua ila kiti cha ofisi na kiti cha gari.

Kichwa kilipoanza kuniuma kisogoni nilikwenda kliniki, nikapimwa, presha ikakutwa iko juu. Muuguzi alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi na nianze zoezi lolote ninalolipenda. Alisema "ninalolipenda", nakumbuka vizuri, lakini halikuniingia. Shuleni kwetu aliyechelewa alizungushwa uwanja mbio mpaka miguu ikamlegea, na kwenye timu ya mpira tizi ilikuwa hivyo hivyo. Kwangu mimi, zoezi lililo zoezi lazima liume, na mtu alimalize kwa kisirani.

Basi nikaanza kukimbia. Baada ya sala ya alfajiri nilishika barabara ya kwenda Vanga, peke yangu, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana vidole. Sikuufurahia mwendo ule hata asubuhi moja. Simu ikilia kwamba kuna mzigo umezuiliwa Mombasa, moyo ulinitulia, kwa kuwa safari ilinipa ruhusa ya kulala. Nikirudi kutoka safarini nilikaa siku kadhaa bila kukimbia, kisha wiki, kisha nikaanza tena kwa hasira. Ilikuwa ni mwendo wa kuanza na kuacha, na kila nilipoacha nilizidi kumchukia kila aliyeonekana kuufurahia mwili wake.

Na aliyekuwa karibu nami kuliko wote alikuwa mke wangu.

Yeye alikuwa na kikundi cha kina mama wa Kidigo waliokuwa wakikutana baada ya alasiri nyuma ya nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mjuzi wa ngoma ya sengenya. Walialikwa harusini, na mara nyingine kwenye sherehe za kaunti. Asiyeijua sengenya asidhani ni kutikisika kidogo na kurudi kukaa. Ngoma za bumbumbu na chapuo zikishika kasi, nzumari ikalia juu yake, mabega na kiuno na nyayo vyote vinafanya kazi, magoti yamekunjwa, na mchezaji hapumziki mpaka wapigaji wapumzike. Mke wangu alirudi nyumbani leso imelowa, anahema, na anacheka. Usiku alilala fofofo. Presha yake ilipopimwa wakati ule haikuwa na neno.

Tena alikuwa na jambo ambalo mimi nililikosa kabisa: safari haikumkatisha. Akienda Ukunda kwa binti yetu, kulikuwa na kikundi Ukunda. Akienda kwenye arusi Vanga au Kikoneni, kulikuwa na ngoma na watu wake. Hakuhitaji viatu wala saa ya kuhesabu hatua. Popote penye Wadigo kuanzia hapa mpakani mpaka Likoni alikuta mahali pa kusimama katika mstari, na waliomkuta hapo walimwita dada kabla hawajajua jina lake. Mimi nilikuwa na viatu vya bei, na nikifika Kinango tu mazoezi yamekufa.

Jioni moja tulikuwa na wageni barazani, kaka yangu mkubwa akiwamo, na majirani wawili watatu wanaokuja kunywa kahawa. Mke wangu akapita akitoka ngomani, akasalimia. Mgeni mmoja akamsifu kwamba bado ana nguvu. Akajibu, kwa furaha tu, kwamba ngoma ndiyo mazoezi yake. Nami, niliyekuwa nimeacha kukimbia kwa mara nyingine na moyoni najua, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kutikisa kiuno huko ndiko unakoita mazoezi? Bibi mzima mwenye wajukuu!" Watu wakacheka. Kaka yangu hakucheka; aliangalia kikombe chake. Mke wangu aliingia ndani.

Sikumpiga, sikumfungia mlango, sikumwambia asiende. Ndiyo maana kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa sina kosa. Alasiri iliyofuata hakutoka. Kayamba yake akampa mwenzake. Mwalimu wao alipokuja kumuuliza, alimjibu kwamba magoti yanamsumbua, na wakati huo magoti yake yalikuwa mazima. Niliisikia ile kauli nikiwa chumbani, nikanyamaza. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni adabu ya mke, nikafurahi kwamba nyumba ina heshima. Wivu wangu niliuvika nguo ya heshima, na nguo hiyo iliukaa vizuri machoni pa watu, kwa kuwa hakuna anayemlaumu mwanamume kwa kutaka mkewe awe na staha.

Mwaka uliofuata alikuwa mtu wa kukaa. Magoti yakaanza kumsumbua kweli. Uzito ukaongezeka, na baadaye alipopimwa, presha yake ikawa juu kama yangu. Umri una sehemu yake katika hayo, na ukoo wao una watu wa presha. Hata hivyo siwezi kuusema ugonjwa ule bila kujitaja.

Mimi zoezi langu nililipata Tanga. Mzigo ulikuwa umekwama, nikalazimika kulala gesti kwa siku kadhaa, na Jumamosi alfajiri niliamshwa na nyimbo barabarani. Nilichungulia nikaona watu wa rika zote, wamevaa fulana za rangi moja, wanakimbia polepole wakielekea Raskazone, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Watanzania wamelelewa na mchakamchaka tangu shule ya msingi, na klabu zao za jogging zimejaa mijini. Kijana wa mapokezi aliniambia, "Mzee, ungana nao tu, hawana shida." Nikaungana nao nikiwa na suruali ya kazi. Mwendo wao ulikuwa wa mtu kuweza kuimba, na sikuwahi kukimbia mwendo wa namna hiyo maishani. Tulipofika upande wa bahari tulinyoosha viungo, tukacheka, tukanunuliana maji. Jua likawa limepanda nami sijaliona.

Tangu hapo sikuacha. Kila nikienda Tanga nawapigia simu kabla. Dar es Salaam nawakuta Coco Beach asubuhi za wikendi, vikundi kwa vikundi. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, aliifanya Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya kitaifa ya mazoezi, na Zanzibar wana yao tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi vinapoingia barabarani pamoja. Mombasa sikupata klabu, lakini nikivuka feri ya Likoni mapema naingia Mama Ngina, nako chini ya mibuyu watu wanatembea asubuhi, na ukionekana mara ya pili unasalimiwa, mara ya tatu unaulizwa ulikuwa wapi. Safari iliyokuwa ikiniulia mazoezi ikawa ndiyo inayoniletea. Sharti lilikuwa moja tu, nipate watu na wimbo, na mwendo ninaoweza kuufurahia, nikajikuta natoka bila kujilazimisha.

Na ni katika kukimbia huko, karibu na Bombo, mama mmoja wa umri wa mke wangu alipochukua nafasi ya kuanzisha wimbo, mabega yake yanacheza na kila hatua, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Kile kilichokuwa kinanirudishia uzima wangu kilikuwa ni kile kile nilichomnyang'anya. Kuna watu, kuna sauti, kuna mwili unaofuata sauti, kuna kucheka baadaye. Tofauti ni fulana, na kwamba huku kulikuwa na wanaume.

Baadaye nilisoma mambo ambayo yaliniondolea kisingizio cha mwisho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa kiasi kila wiki, au nusu ya hapo kama shughuli ni nzito, na limeondoa lile sharti la zamani kwamba lazima iwe angalau dakika 10 mfululizo ndipo ihesabiwe. Kucheza ngoma kunahesabiwa. Alasiri za mke wangu zilikuwa zinaijaza hesabu hiyo na kubakisha. Na mwaka 1953 daktari wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa usukani. Hawakuwa wanariadha. Walikuwa kazini, wanakata tiketi. Nami hapa yadini namwona utingo kila siku akipanda juu ya shehena, anafunga turubai, anaruka chini, anakimbilia karatasi, huku dereva wake amelala kwenye kiti, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba mwili hauulizi kazi hii inaitwaje.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Sikumwambia mke wangu. Nilielewa, na bado nikanyamaza. Nilikwenda Tanga nikarudi, nikaenda tena, nikakimbia na kuimba na wanawake na wanaume wa watu, na nyumbani nikasema nimechelewa kwa ajili ya mzigo. Mara nyingine mzigo ulikuwa umeshatoka Ijumaa, nami nikabaki kuingoja Jumamosi. Yeye alifua fulana zangu zenye jasho bila kuuliza. La kwanza lilitoka mdomoni kwa hasira, hili nililipanga.

Siku moja alikuwa anakunja nguo, akaifungua ile fulana ya klabu, akayasoma maandishi ya mgongoni.

"Baba watoto, huko Tanga mnaimba mkikimbia?"

"Tunaimba."

"Na wanawake wamo?"

"Wamo."

"Wa umri wangu?"

Nikasema wamo. Akaikunja fulana, akaiweka juu ya zangu nyingine, akaendelea na nguo za wajukuu. Hakulia wala hakunitolea neno. Angenitukana ningepata pa kushika.

Ilinichukua muda kuomba radhi, na nilipoomba nilimwomba faraghani, nikadhani yamekwisha. Kaka yangu ndiye aliyenisahihisha. Alisema, "Ulimvua nguo barazani, unamvisha chumbani?" Nikamwita yeye na wale majirani, nikawaomba waje kwa kahawa kama jioni ile, nikamwita na mke wangu, nikasema mbele yao kwamba nilisema maneno ya wivu, kwamba yeye alikuwa akifanya mazoezi na mimi ndiye niliyekuwa sifanyi, na kwamba namwomba anisamehe. Ulimi ulikuwa mzito. Mke wangu alisema amesamehe. Alisema pia, kwa upole na mbele yao hao hao, kwamba msamaha haurudishi kikundi.

Ni kweli haurudishi. Yule mama aliyekuwa akiwafundisha amehamia Kikoneni kwa wanawe. Mpigaji wa chapuo amepata kazi Diani. Wenzake wengine walikwishaacha, na mmoja wao aliniambia usoni kwamba waume wao nao waliyasikia maneno yangu ya barazani, wakayatumia. Hilo sikulijua. Nilidhani nimemjeruhi mtu mmoja.

Nilijaribu kulipa. Nilimwambia twende wote Tanga, akimbie na mimi. Akasema yeye si mtu wa kukimbia, na hakuwahi kuwa. Nikamnunulia viatu vya kutembelea, avae tutembee jioni. Alivaa, tukatembea, na nilimwona anafanya kwa ajili yangu, kama mimi nilivyokuwa nikifanya kwenye barabara ya Vanga kwa ajili ya muuguzi. Nikaacha kumshurutisha. Nilikuwa nimeanza upya kumchagulia.

Siku hizi mwisho wa mwezi anapanda matatu kwenda Ukunda kwa binti yetu, anakaa siku mbili tatu. Binti ndiye aliyeniambia kwamba mamake amerudi mstarini na kina mama wa kule, kwamba anachoka mapema kwa ajili ya magoti lakini anaketi, anapiga kayamba, kisha anainuka tena. Nauli natoa mimi, na simuulizi habari za huko asiponieleza mwenyewe. Ukunda anacheza. Hapa Lunga Lunga hachezi, hata arusini kwa jirani, hata anapoombwa na wajukuu.